Kijani, Upana wa Kidole

Mimi si mtu wa bahari. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia nilifanya kazi kwenye boti ya matanga wananitazama kama nimezaliwa ndani ya ngalawa. Nimezaliwa Kariakoo, nyuma ya Msimbazi, nyumba ya vyumba sita na choo kimoja, mama yangu akiuza vitambaa vya mapazia barazani. Bahari kwetu ilikuwa habari ya Feri: unaenda asubuhi, unanunua samaki, unarudi na harufu kwenye kanga. Kuogelea nilijifunza nikiwa na miaka ishirini na sita, na mpaka leo naogelea kama mtu anayegombana na maji.

Kazini niliingia kama mpishi. Boti yenyewe ilikuwa ya bosi mmoja wa mjini, nyeupe, yenye matumbo mawili na wavu katikati ambapo wageni walijilaza kuunguzwa na jua kwa hiari yao. Waliikodi siku mbili, tatu, wengine wiki nzima, wazungushwe visiwani. Wafanyakazi tulikuwa watatu: nahodha, baharia wa matanga, na mimi wa pweza na chapati. Mwaka wa kwanza sikugusa kitu zaidi ya sufuria. Mwaka wa pili nilichoka kuangalia wanaume wawili wakifanya kazi ambayo kwa macho yangu haikuwa na miujiza yoyote, nikamwambia nahodha anifundishe. Baharia alicheka mpaka akakaa chini. Nahodha hakucheka. Aliniuliza Jumanne ya wiki iliyopita niliwapikia nini wageni. Nikasema pweza wa nazi. Akasema hapana, pweza ilikuwa Jumatano. Jumanne ulipika samaki changu, na limau ulizidisha.

Ndivyo alivyokuwa yule mzee. Mtu wa Magomeni, sitini na ushei, mfupi, mbishi, anayegombana na redio wakati wa mpira kana kwamba mtangazaji anamsikia. Kumbukumbu yake aliijivunia kama wengine wanavyojivunia gari. Alama za kuingilia kila kisiwa alikuwa nazo kichwani, na asubuhi akinyoa ndevu alizitaja kwa sauti, moja baada ya nyingine, kama mtoto wa madrasa anayesikilizwa na mwalimu. Nilidhani ni majivuno tu. Nilichelewa kuelewa kwamba alikuwa na sababu. Macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. Vya karibu aliviona, mnyororo, kamba, sura ya mtu. Vya mbali vilikuwa ukungu mtupu. Kilichokuwa kinamweka kazini ni kichwa chake: baharia alimtajia anachokiona, yeye akajua pa kugeuza. Sisi tulijua, bosi alihisi, na hakuna aliyefungua mdomo, maana kwa miaka yote ile boti haikuwahi kugusa mwamba hata mara moja.

Nieleze alama ni nini, maana bila hiyo hamtanielewa. Boti ilikuwa na mashine ya setilaiti ya kuonyesha njia, na baharini kwenyewe inafaa sana. Ila ukikaribia kisiwa ramani yake inakuzingua: mara nyingi ilituonyesha tumepanda juu ya mchanga, katikati ya vichaka, wakati tunaelea na maji yako chini yetu. Kwa hiyo mwisho wa safari unatumia macho. Unachukua vitu viwili vya nchi kavu, kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma yake, na kwa jinsi vinavyopangana unajua ulipo. Nahodha alitumia majengo ya mjini. Mimi nimekulia katikati ya majengo hayo, nimeyatukana, nimejikinga mvua chini yake, na sikuwahi kufikiri kuna mtu huko majini anayategemea asizame.

Kisiwa chetu cha siku ya kwanza, ambacho wageni wote walipelekwa, kimezungukwa na miamba, na kuna mlango mmoja tu wa kuingilia, mwembamba kama mtaa wa Kariakoo siku ya Jumamosi. Unashuka kusini ukiwa nje ya miamba, Dar es Salaam yote iko mkono wako wa kulia. Kuna jengo refu la kijivu la Posta. Nyuma yake, mbali zaidi, limejificha jengo la vioo vya kijani la karibu na soko la Kariakoo. Unavyozidi kushuka, lile la kijani linaanza kuchungulia kushoto kwa la kijivu. Unanyoosha mkono, unasimamisha kidole. Kijani kikifika upana wa kidole, unageuza chombo, unaingia. Ndani ni pima nne za maji na mchanga safi. Unatia nanga, wageni wanapiga makofi, mimi natoa juisi ya ukwaju.

Alinifundisha hilo mpaka likanitoka puani. Nilinyoosha mkono, nilisimamisha kidole, alinigombeza kwamba nakunja kiwiko. Boti ikiwa tupu nilishaingiza mara tano, bila kosa, yeye amekaa nyuma yangu ameinamisha kichwa, ananisikiliza nikitaja ninachokiona. Mara ya tano alisema mkono wangu unafaa. Nilikaa na sifa hiyo wiki nzima. Nilikuwa nimeshaanza kujiona nahodha, na sitajifanya kwamba sikuwa na uchu. Niliutaka ule usukani kuliko kitu chochote.

Masika yalipoingia boti ikapandishwa nchi kavu kwa matengenezo, miezi miwili. Nikarudi kukaa nyumbani kumsaidia mama barazani. Mtaani kwetu palikuwa na jengo jipya linapanda, ghorofa juu ya ghorofa, na saruji yake yote ilikuwa inamalizikia kwenye vitambaa vyetu. Mapazia meupe yakawa ya kijivu. Mimi nina mdomo, sijifichi. Nilimwendea msimamizi wa ujenzi asubuhi, nikamwendea mchana, nikamwambia mbele ya mafundi wake kwamba kama hana adabu ya kufunika vumbi lake basi nitakuja kupika ugali hapo getini na tembo zake hazitapita. Sijui hata nilimaanisha nini. Alikuwa na magari mawili ya mchanga aliyoyaita tembo, na mimi nilikuwa na hasira. Wiki iliyofuata walilifunika jengo zima kwa neti, kuanzia juu mpaka chini. Majirani walinipongeza. Mama alinipikia biriani.

Safari ya kwanza baada ya matengenezo tulikuwa na wageni sita. Mashine ya kushushia nanga ilikuwa imetoka kwa fundi na nahodha hakuiamini, akasema nanga ataishusha kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo ilibidi akae mbele kabisa ya boti, na usukani ushikwe na mtu mwingine. Baharia alisogea. Nahodha akamwambia abaki kwenye matanga. Akanigeukia mimi, akasema leo unaingiza wewe.

Kulikuwa na wingu juu yetu, na bahari yote ilikuwa na rangi moja ya bati, hivyo mwamba chini ya maji usingeuona hata ungekodoa vipi. Lakini upande wa mjini jua lilikuwa limetoka na majengo yote yaling'aa. Nilifurahi. Nilijisemea Mungu ameniwashia taa. Jengo la kijivu nililiona mapema, na baada ya muda kushoto kwake kikachungulia kijani. Nikanyoosha mkono, kiwiko nimekikaza. Kikaongezeka taratibu mpaka kikajaa kidole.

Nahodha akaita kutoka mbele, bila kugeuka. "Kijani kimetoka?"

"Kimetoka."

"Kidole?"

"Kidole kamili, Nahodha."

"Ingia."

Nikageuza. Sauti ya boti ikigonga mwamba inafanana na kabati linaloburutwa sakafuni, ila kabati hilo wewe umo ndani yake. Tulisimama ghafla, wageni wakaangukiana. Mama mmoja mtu mzima alipiga mdomo kwenye nguzo ya tanga, damu ikamwagika kwenye shati lake jeupe, na jino moja likamtoka. Ubao wa usukani ulio majini, wa upande wa kushoto, ulikatika, tukauona unaelea. Maji yalikuwa yanakupwa, kwa hiyo kila dakika tulizidi kukaa juu ya mwamba. Baharia aliruka huku na huku na kamba ambazo hazikuwa na kazi. Mimi nilikuwa bado nimeshika usukani, vidole vimekufa ganzi. Nilimsikia baharia akisema, si kwa sauti kubwa, kwamba ndiyo mambo ya kuwapa wapishi chombo.

Tulikaa pale kwa muda wa saa nne tukisubiri maji yajae. Nilimfungia yule mama barafu kwenye kitambaa, nikachemsha chai, wageni wakanywa wakitazama upande wa mjini. Nahodha alipitapita kukagua matumbo ya boti, akarudi, akaja kukaa karibu yangu. Hakuwa na hasira. Ningefurahi kama angekuwa nayo. Aliniuliza kwa sauti ya chini, wageni wasisikie, kama nilifuata alivyoniambia.

"Nilifuata, Nahodha. Kijani kilitoka kushoto, kidole kimoja, kama ulivyosema. Wallahi nilifuata."

Na ilikuwa kweli, kwa nilivyojua wakati ule. Nilitazama tena mjini. Wingu lilikuwa limeshafunika kila kitu. Yeye alitazama pia, kwa mazoea tu, maana kule alikokuwa anatazama hakuona chochote. Akaanza kutaja alama taratibu, kama anaponyoa. Alifika kwenye hii ya kisiwa chetu, akasimama. Akairudia. Akaniuliza kama ni kushoto au kulia. Nikamwambia kushoto. Akasema ndiyo, kushoto, halafu akairudia tena.

Boti ya mashine ya wavuvi ndiyo iliyotuvuta. Tulipofika Feri, bosi alikuwa anatusubiri amesimama, simu sikioni. Alikuwa ameshaambiwa na mgeni mmoja. Swali lake la kwanza lilikuwa nani alikuwa na chombo. Mdomo wangu ninaousifia, siku hiyo sikujua umekwenda wapi. Baharia alinitazama. Nahodha akapita mbele yangu.

"Chombo kilikuwa changu. Alama nilitoa mimi, na zimenipotea."

Bosi hakupiga kelele. Nadhani alikuwa ameisubiri siku hiyo kwa muda. Alimwambia mzee, pole, umefanya kazi kubwa, sasa pumzika. Nahodha alimkabidhi funguo, akachukua mfuko wake wa plastiki wenye wembe na kioo cha kunyolea, akaondoka.

Nilitembea kwa miguu kutoka Feri hadi nyumbani, nikipita Posta katikati ya watu wanaotoka kazini. Ilikuwa kama saa kumi na moja. Nilikuwa nimeumia kwa ajili ya mzee, na ndani yangu kulikuwa na kitu kingine kidogo, kibaya, kinachosema si kosa langu, si kosa langu. Niliingia mtaani kwetu. Jua lilikuwa limelala upande wa pili na lilipita ndani ya neti ya lile jengo jipya, kuanzia juu mpaka chini. Kijani. Nilikuwa nimelipita kila siku kwa wiki tatu na kwangu lilikuwa jengo la vumbi, jengo la ugomvi. Sikuwahi kulitazama kama mtu aliye mbali.

Nikakaa kwenye ngazi ya duka la watu. Nilipanga kichwani: Posta pale, soko pale, sisi huku kusini mwa soko mitaa mitatu. Ukiwa baharini unashuka, la kwetu lazima litokeze kwanza. Nilikuwa nimegeuza mapema. La vioo, la kweli, lilikuwa bado limejificha nyuma ya la kijivu. Alama ya mzee haikuwa na kosa hata la unyoya. Na ile neti, jamani, niliidai mimi kwa mdomo wangu.

Ningeweza kugeuka jioni ileile. Magomeni si mbali, ni mwendo wa miguu. Niliwaza kwenda, nikawaza bosi, nikawaza baharia na wapishi wake. Nikajiambia kesho. Mama aliniuliza mbona uso umesawijika, nikamwambia ni jua.

Kesho yake bosi alipiga simu. Ameshapata nahodha mwingine, kijana mwenye vyeti, na mimi nibaki, maana wageni walisifia jinsi nilivyowahudumia kwenye mwamba. Akasema pia kwamba ameona nina nia, na boti ikitengemaa atanipeleka kozi nipate leseni yangu. Nikasema asante bosi. Nikakausha. Nilikausha wiki, wiki ikawa mwezi. Kila nilipotaka kusema nilijikuta nahesabu nitakachopoteza, halafu nasema acha kwanza mzee atulie. Nilikuwa mwoga na mchoyo, basi. Sina jina zuri la kuipa ile tabia.

Nilikuwa naenda kumsalimia. Nilipeleka ndizi, nilipeleka papai, nikapiga shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, tukakaa. Mara za mwanzo aliniuliza habari za boti. Baadaye hakuuliza. Redio ilikuwa inatangaza mpira naye amekaa mbele yake hasemi neno, mtangazaji anaropoka anavyotaka. Siku moja mkewe alileta chai, mzee akamuuliza kama yeye mwenyewe ameshaswali adhuhuri. Mkewe akamwambia umeswali, si nimekutandikia mimi mswala? Akaitikia kwa kichwa. Aliuliza tena kabla sijamaliza kikombe.

Mkewe alinisindikiza nje. Ni mwanamke asiyependa kulalamika. Aliniuliza kama kule baharini siku ile mumewe aligonga kichwa. Nikasema hapana. Akasema basi haelewi, maana mumewe aliondoka asubuhi mzima, akarudi mtu mwingine. Hatoki peke yake. Akienda dukani anarudi njiani kuuliza ametumwa nini, na si kwamba amesahau, anataka kuhakikisha. Hospitali wamesema mtoto wa jicho anatolewa, ni jambo dogo, apange siku tu. Amekataa. Anasema macho ya nini, wakati kichwa chenyewe kimeshaharibika. Alama aliyoitumia miaka yote imemtoka, na binti alifuata neno kwa neno.

Binti ni mimi.

Ilikuwa mwezi wa saba tangu tugonge. Sikulala vizuri, na asubuhi nilikuwa nimeamua. Nilitaka nimwambie palepale, chini ya jengo, ashike ukuta wake kwa mkono, ajue. Nilimfuata Magomeni na bajaji. Hakuuliza tunakwenda wapi. Mkewe alimvalisha kofia, akanikabidhi mkono wake kama unavyomkabidhi mtu mzigo unaovunjika.

Nilimsimamisha ng'ambo ya barabara, pembeni ya baraza letu. Watu walikuwa wanapita na mizigo, wanatupigia kelele tuwapishe. Nikamwambia yote. Kwamba alama yake ilikuwa sawa. Kwamba hili jengo mbele yetu lilikuwa limevalishwa neti ya kijani, kwamba nililichukua hili nikaacha la vioo, kwamba nilijua jioni ileile na nikanyamaza miezi saba kwa sababu ya usukani. Nilisema haraka, nikilia, na mwanamke aliyebeba beseni la karanga alisimama kunitazama.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na tabia ya kuinamisha kichwa anaposikiliza, na aliinamisha hivyohivyo. Kwa muda mfupi niliona kitu kinarudi usoni mwake, ule ubishi. Alisema tuvuke barabara.

Chini ya jengo palikuwa na maduka mapya, ya simu na ya viatu. Mwenye viatu alikuwa anapanga mali yake. Nahodha alimsalimia, akamuuliza jengo hili lina rangi gani.

"Jeupe, mzee."

"Lote?"

"Lote. Marumaru mpaka juu."

Nikaingilia. Nikamwambia yule kaka amwambie mzee kwamba kabla ya kumalizika lilikuwa na neti, kijani, lote. Akanitazama, akasema dada mimi frem hii ya duka nimeichukua wiki iliyopita, nimekuta jeupe. Nilijua hilo. Neti walikuwa wameishusha wiki tatu nyuma. Niliwaona wakiikunja, na siku ile nikajiambia wiki ijayo nitakwenda kwa mzee. Nilitoa simu, nilikuwa na picha ya mama barazani na neti nyuma yake. Nikamshikisha. Aliisogeza karibu na pua, akaipeleka mbali, akanirudishia. Kwa jinsi macho yake yalivyokuwa yamezidi kuharibika miezi hiyo, alikuwa ameshika kioo chenye mwanga tu.

Akatabasamu. Ule ubishi niliouona ulikuwa umeshaondoka.

"Mwanangu," akasema, "una huruma sana. Mke wangu ndiye aliyekutuma?"

Nikasema hapana, hakuna aliyenituma, ni kweli tupu. Akasema siku ile kwenye mwamba nilimwapia, na aliusikia moyo wangu kwenye ile sauti, na mtu hawezi kusema uongo kwa sauti ile. Nikamwambia sikusema uongo siku ile, nilikuwa sijajua. Niliona maneno yangu yenyewe yanavyojikanyaga. Nikainua mkono wa kulia, nikaanza, wallahi, Nahodha.

Akanifunika mdomo kwa kiganja chake.

"Usiape. Usijitie dhambini kwa ajili yangu."

Nikataka kumwita mama atoke barazani aseme. Akatikisa kichwa, akasema basi, imetosha, amenisikia na amefurahi kwamba bado kuna watu wanaomfikiria. Mama alikuja hata hivyo, akamweleza habari ya neti tangu mwanzo, vumbi, ugomvi, biriani. Mzee alimsikiliza kwa heshima zote, akamwambia amelea vizuri.

Tulirudi pembeni ya barabara. Bajaji yetu ilikuwa imeondoka. Yule mzee alikuwa ameizoea njia ya Magomeni na Kariakoo tangu utotoni, akiwa hajavaa viatu, kabla ya ghorofa hata moja kati ya hizi. Alisimama katikati ya makelele, akageuza kichwa huku, akageuza kule, kisha akanyoosha mkono kunitafuta. Nikampa wangu. Akaushika kwa nguvu, akaniuliza nyumbani ni upande gani.